Umeme Msafi wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai upande wa Bumbuli. Alitoka Tabora akiwa kijana, akaja milimani kwetu kwa mkataba mfupi, akabaki. Mimi nilikuwa chumba cha kuchambulia chai, na yeye aliingia kila mkanda wa mashine ulipokatika. Mle ndani feni za kukaushia hazikuzimwa, kwa hiyo mtu akitaka kusema na mwenzake ilibidi amsogelee mpaka sikioni. Nilipenda alivyokuwa akinisogelea. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nilimchukia tangu mwanzo.

Kiwanda kilipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kuondoka, mimi nikafuata. Tukahamia Lushoto, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba yangu, juu kidogo ya mji. Tukajenga vyumba vitatu na sebule. Watoto wetu wawili walikuwa wameshaanza maisha yao, mmoja Arusha, mwingine Dodoma. Nikanunua friza kubwa la mlango wa juu, nikaanza kuuza samaki. Vibua na changu vilitoka Tanga kwa basi, nikavipokea stendi nikiwa na ndoo mbili, na jioni wanawake wa mtaani walikuja mmoja mmoja na masufuria yao. Yeye alikuwa akitandaza nyaya kwenye nyumba za watu na kutengeneza redio. Tuliishi vizuri tu.

Kitu kimoja alichokitoa kiwandani kilikuwa chuki ya kelele. Alisema miaka yote ile ameishi ndani ya mngurumo, sasa anataka kusikia muziki kama ulivyopigwa. Alikuwa na nyimbo nyingi za dansi la zamani, zile zenye magitaa matatu yanayojibizana, amezikusanya kwenye kompyuta. Kompyuta ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya mezani, yenye feni iliyokohoa kama mzee. Akaiuza. Akaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, ndogo kama kitabu kinene, isiyo na feni hata moja. Aliiunganisha na amplifaya aliyoitengeneza mwenyewe na spika mbili za mbao, akaweka kila kitu kwenye kabati la sebuleni ambalo lilikuwa la vyombo vyangu. Vyombo vikahamia jikoni, kwenye boksi.

Siku ya kwanza aliniita. Nilikuwa napara samaki, nikaja na mikono yangu imejaa magamba.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia magitaa."

"Nyuma ya magitaa."

Nikatega sikio. "Sisikii kitu."

"Kuna mlio mwembamba, kama mbu. Unatoka kwenye pawa saplai, hiki kiadapta cha kompyuta." Akanitazama kwa huruma iliyonichoma. "Masikio yako yaliharibiwa na kiwanda."

Nikarudi kwenye samaki wangu. Yeye ndiye aliyekaa kiwandani miaka mingi kuliko mimi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni pawa saplai. Tulikula tukiizungumzia, tulilala tukiizungumzia. Alinieleza mpaka nikaelewa, maana alikuwa mwalimu mzuri akitaka. Umeme unaofika ukutani kwetu, alisema, umeshapita kila nyumba ya mtaa, umebeba takataka za chaja, za taa na za mashine ya kusaga iliyo bondeni. Halafu kile kiadapta cheusi kilichokuja na kompyuta kinaukatakata umeme huo vipande vidogo vidogo kwa kasi isiyoonekana. Ndiyo sababu kiko chepesi na cha bei nafuu. Lakini kule kukatakata kunazaa kelele, na kelele hiyo inafuata waya mpaka kwenye spika.

"Sasa dawa yake nini?" nikamuuliza, kwa sababu mke huuliza.

"Ama pawa saplai ya transfoma, nzito, isiyokatakata. Ama betri. Betri haina kelele kabisa, lakini inakwisha."

Alikaa na swali hilo wiki nyingi. Alitazama video simuni, Wazungu na Wajapani wakionyesha maboksi ya chuma yaliyong'arishwa kama masanduku ya mahari. Alichora. Alipima. Na wakati anaendelea kuamua, alianza kuzima vitu. Kwanza taa ya sebuleni, kwa sababu ilitia mkwaruzo. Kisha chaja ya simu yangu. Kisha akaniambia kwamba friza likijiwasha lenyewe, spika zinapiga "tak".

"Nitalizima saa moja tu," akasema. "Baada ya alasiri. Barafu haiwezi kuyeyuka kwa saa moja."

Nikakubali. Ni kweli, haikuyeyuka. Lakini ile saa ikanyooka, ikagusa magharibi, siku nyingine ikaivuka. Nikawa nachungulia sebuleni na kumkuta amekaa gizani, macho amefumba, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nikimgusa bega alinyanyua kidole, maana yake nisubiri wimbo uishe. Ulikuwa unakuja mwingine.

Hatimaye akachagua transfoma. Aliteremka Korogwe kwa fundi wa kusuka transfoma, akarudi kesho yake na kitu cha mviringo kimefungwa kwenye kiroba, kizito kama boga la kupasuliwa kwa shoka. Akakitengenezea boksi la bati nene, akapanga ndani kapasita kubwa kama makopo ya maziwa, akafunga waya wa kuzama ardhini nje ya dirisha, pale nilipokuwa nimepanda mchaichai. Mchaichai uling'olewa. Nilikuta majani yake yametupwa juu ya paa la choo.

Mlio wa mbu uliondoka. Hata mimi niliona ameburudika, alitembea akipiga mluzi. Kisha ikaonekana transfoma yenyewe inavuma. Sauti haikutoka spikani tena. Ilitoka kwenye chuma chake, mvumo wa chini uliosafiri ndani ya mbao za kabati. Saa ambazo mashine ya kusaga ya bondeni ilifanya kazi, mvumo uliongezeka. Akaweka raba chini yake. Akaweka mchanga. Mwisho akachukua blanketi la sufu alilonipa mama yangu nilipoolewa, akalikunja mara nne, akaikalisha transfoma juu yake.

"Hilo blanketi la mama," nikasema.

"Lilikuwa sandukuni halina kazi."

"Lilikuwa langu."

"Hata sasa ni lako."

Akateremka bondeni kumwomba mwenye mashine ya kusaga asisage jioni. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Mume wangu akamweleza habari za umeme msafi. Kesho yake nilipopita sokoni wauza karoti waliniuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ya kunihurumia, kama ni kweli mume wangu anaufua umeme. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Baada ya Idi shangazi yangu alifariki Mgwashi, nyumbani kwetu. Nilikwenda msibani nikakaa siku kadhaa, maana mama yangu ni mtu mzima na marehemu alikuwa wifi yake waliyezeeka pamoja. Nilikuwa nimeacha friza limejaa mpaka juu. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye duka la mbegu, alikuwa anamwoza binti yake, akaniagiza changu wa kukaanga kwa ajili ya karamu. Nilimwambia mume wangu kabla sijatoka, nikarudia tena nikiwa nimevaa viatu.

"Friza usilizime. Wale ni samaki wa arusi."

"Nenda kazike kwa amani," akasema.

Niliporudi niliisikia harufu kutoka getini. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa. Jikoni maji mekundu yalikuwa yametoka chini ya friza, yametambaa mpaka kwenye boksi la vyombo. Nilifungua mfuniko, nikafunga. Nikaenda sebuleni, nikafungua mlango. Alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa ameziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo.

"Umezima friza," nikasema.

"Nililiwasha."

"Hukuliwasha."

Akafikiri. "Nilidhani nililiwasha. Kulikuwa na utulivu wa ajabu juzi, mashine ya kusaga ilikuwa mbovu. Sijawahi kusikia besi namna ile."

Nilichukua jembe, nikachimba nyuma ya migomba, nikafukia samaki wa watu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Hakuja kunisaidia, na nadhani alifikiri ananiheshimu kwa kuniacha na hasira zangu. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kwenda dukani kwa yule mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akanipa kigoda. Nikamwambia samaki hawapo. Hakupaza sauti. Alichezea pakiti za mbegu za kabichi, kisha akasema, "Basi tutachinja mbuzi mwingine. Lakini na wewe, mwanangu, ungesema mapema." Nikaona ni bora angenitukana. Baada ya hapo wanawake wa mtaa wetu walianza kununua samaki kwingine, na sikuwalaumu.

Mume wangu aliumia, nisiseme uongo. Alilisafisha friza kwa majivu na ndimu siku tatu. Kisha akaja na suluhu, na suluhu yenyewe ilikuwa ile ile aliyoizunguka tangu mwanzo.

"Nitaacha umeme wa ukutani," akasema. "Kompyuta na amplifaya vyote vitakula betri. Friza halitazimwa tena maisha."

"Betri utaitoa wapi?"

"Kuna mtu Mazinde ana ya sola, anaiuza. Bado nzima."

Aliondoka asubuhi, akarudi usiku umeshaingia, betri iko ndani ya gunia begani, na matope mekundu kwenye viatu. Sikuyatazama matope mara mbili. Ningeyatazama ningejua, kwa sababu Mazinde ni kule chini kwenye tambarare kavu, na siku hizo mvua ilikuwa inanyesha huku juu tu.

Akaifunga betri nyuma ya kabati. Lile boksi la transfoma akalipeleka stoo, blanketi akalirudisha sandukuni likiwa na alama ya mviringo katikati. Jioni iliyofuata aliniita, safari hii kwa sauti ya upole, ile ya zamani ya kiwandani.

"Njoo ukae. Kiti changu."

Nikanawa mikono, nikakaa. Akasimama nyuma yangu, akagusa simu yake iliyoiendesha kompyuta, na kwa muda hapakuwa na kitu. Nilidhani kimeharibika. Kisha mtu akavuta pumzi sebuleni kwetu. Nasema sebuleni kwetu, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Nikageuza kichwa. Yule mwimbaji akaanza kuimba, na nilisikia midomo yake inavyoachana, nikasikia kidole kinavyoteleza kwenye waya wa gitaa kabla noti haijatoka, na nyuma kabisa mtu mwingine akikokota kiti. Watu wale, wengine wameshakufa, walikuwa wamo ndani na sisi. Machozi yakanitoka bila taarifa. Nikaelewa alichokuwa akikitafuta. Nikamsamehe samaki, nikamsamehe mchaichai, pale pale kwenye kile kiti, na nilikuwa karibu kunyanyua mkono nishike mkono wake ulioegemea kitini.

Akaniinamia sikioni. Nilifikiri ananibusu.

"Pumua taratibu," akaninong'oneza. "Unaharibu."

Nikabana pumzi mpaka wimbo ukaisha. Halafu nikainuka, nikaenda jikoni, nikawasha jiko la mkaa, nikasonga bada la unga wa muhogo kwa ajili yake kama kawaida. Hakuniuliza nimeonaje. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake.

Nimejiuliza sana kwa nini neno dogo vile lilinifanya lilichonifanya. Alinifukizia harufu ya samaki nyumba nzima nikabaki. Lakini pumzi ni kitu ambacho mtu hawezi kukizima hata akiombwa. Kwa watu waliokufa alitaka kusikia kila pumzi, yangu ikawa takataka.

Mvua za vuli zikaendelea. Kila nilipompigia mama simu Mgwashi nilimkuta amezima, na nikimpata anakata haraka, anasema anaokoa chaji. Mama anaishi na mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, binti wa shule. Mimi na kaka tulimfungia sola ndogo, taa tatu na mahali pa kuchajia simu, na nilijua inafanya kazi. Siku moja nikamuuliza kwa nini simu yake haina moto siku hizi.

"Si ile betri bado kwa fundi," akasema.

"Fundi gani, mama?"

"Mkwe wangu. Alikuja kuichukua akaitengeneze. Alisema imechoka."

"Alikuja lini?"

"Mvua zilipoanza. Hakukaa hata kunywa chai, maskini, alikuwa na haraka."

"Sasa usiku mnatumia nini?"

"Koroboi. Haina neno. Binti anasomea mchana." Kisha, kwa sauti ya kuonya, "Usimsumbue mwenzio. Kazi ya fundi haikimbizwi. Mimi kama mama mkwe siwezi kumuuliza, na wewe usimuulize kwa niaba yangu, ataona nimelalamika."

Nilimwambia sawa. Nikaenda sebuleni, nikavuta kabati. Betri ilikuwa na matone ya rangi ya bluu pembeni. Kaka alipopaka mlango wa mama rangi aliimwagia betri, nami nilikuwepo, nilimcheka.

Mume wangu aliingia akanikuta nimechuchumaa, nafungua nati za nyaya kwa spana yake.

"Unafanya nini?"

"Mama yangu anakaa na koroboi."

Hakukana. Alivua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti. "Nilikuwa nimtafutie nyingine. Kabla ya Krismasi ningekuwa nimempelekea. Ile ni kubwa kuliko mahitaji yake, taa tatu tu zile."

"Ulimwambia imechoka."

"Ningemwambia nini?"

"Na mimi uliniambia Mazinde."

Nilikuwa nimeshatoa waya mmoja, nikashika wa pili. Hapo ndipo alipoomba, na alichoomba nakikumbuka kila nikilala.

"Niachie mpaka Ijumaa," akasema. "Kuna rekodi moja sijaimaliza."

Nikatoa waya wa pili. Niliifunga betri kwenye beseni kwa kanga, nikakodi bodaboda mpaka Soni, nikapanda gari la Bumbuli, na kutoka hapo nikabebewa beseni hadi Mgwashi. Asidi ilitoboa kanga. Mama alitoka mlangoni kunipokea, akaliona beseni, akaita mjukuu aje ashike upande mmoja. Fundi wa kijijini akaja akaunganisha, na giza lilipoingia taa zote tatu zikawaka. Mama alikaa chini ya ile ya barazani akazitazama mikono yake mbele na nyuma.

"Amenitengenezea vizuri," akasema. "Sasa inawaka kuliko zamani."

Nikafungua mdomo. Binti alikuwa ameshatandika madaftari yake chini ya taa, na mama anatabasamu. Nikaufunga.

"Nimshukuru vipi?" akauliza. "Mpelekee haya mapeasi."

Nilibeba mapeasi mpaka Lushoto. Niliyaweka juu ya meza, nikamwambia mume wangu yametoka kwa mama yangu, anamshukuru. Aliyatazama, akachukua moja, akalila.

Hatukuishi pamoja zaidi ya miezi michache baada ya hapo. Hapakuwa na ugomvi wa kuita wazee. Alirudisha lile boksi la transfoma, likavuma, yeye akakasirika, mimi nikakataa kabisa kitu chochote kizimwe. Friza likipiga "tak" aliondoka kwenye kiti akasimama nje. Mwishowe akasema amepata kibanda Magoma, chini ya milima, kazi ya redio iko nyingi kule, atakuwa anapanda mwisho wa mwezi. Alipanda mara mbili. Mara ya tatu alituma mtu kuja kuchukua kompyuta na spika, na karatasi ya talaka ikafuata kwa mkono wa mjomba wake, imekunjwa vizuri. Naambiwa umeme wa Magoma ni mbaya, unapanda na kushuka kutwa. Simwombei mabaya, wala sikuacha kufurahi niliposikia.

Nimerudisha vyombo kabatini. Wateja wamerudi, si wote. Watoto wananipigia simu na kuniuliza kwa nini nisimtafute mtu wa kutusuluhisha, baba yao amezeeka, hana wa kumpikia. Wanampenda, na ni haki yao.

Lakini mama ndiye anayeniumiza. Nikienda Mgwashi ananipokea vizuri, tunakula, na tukishamaliza ananiuliza habari za mkwe wake kana kwamba yuko safarini. Mwaka huu betri imeanza kweli kuchoka, taa zinafifia mapema, nikamwambia mimi na kaka tutamnunulia mpya.

"Ungekuwa umekaa na mumeo," akanijibu, akiokota maharage kwenye ungo bila kunitazama, "sasa hivi angekuja kunitengenezea."

Nikamwambia ni kweli, mama. Nikasogeza ungo karibu na taa nikamsaidia kuokota.